Masika Yabisha Hodi: Kila Utabiri na Kazi Yake



Jua limekwisha kuuvuka mstari wa ikweta. Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua husimama juu ya mstari huo, na mchana na usiku hukaribia kulingana ulimwenguni kote. Wenzetu wa Ulaya huanza hapo kuhesabu majira yao ya machipuko, miti ikatoa majani mapya baada ya baridi kali. Sisi wa nchi za maziwa makuu tunayo masika. Waganda huyaita ttoggo, Wanyarwanda huyaita itumba. Majina ni mbalimbali, bali jambo ni moja: huu ndio wakati ambapo nyumba nzima, tangu kihenge cha mbegu hadi paa la bati, huwekwa katika mizani ya mvua.

Katika majuma haya redio hazikosi taarifa. Tangu Februari tumesikia habari za msimu mzima. Kila juma twasikia habari za siku zijazo. Na jioni twaambiwa ya usiku na ya kesho. Mara nyingine taarifa hizo huonekana kupingana. Msimu ulisemwa utakuwa na mvua za kutosha, bali siku kumi zilizo mbele zasemwa kuwa kavu. Hapo mwananchi hukata shauri kwamba wataalamu hawajui kitu, akaizima redio, akapanda kama apendavyo.

Ukurasa wa leo wataka kuonyesha ya kuwa taarifa hizo hazipingani. Ni sauti tatu, na kila moja ina kazi yake. Hasara kubwa humpata yule aichukuaye sauti moja na kuifanyia kazi ya nyingine.

MVUA ZETU ZATOKA WAPI

Mvua hulifuata jua, lakini hazilifuati unyayo kwa unyayo. Joto la jua huiinua hewa, nazo pepo za kaskazini na za kusini hukimbilia pale hewa inapopanda, zikakutana. Ukanda huo wa makutano ya pepo ndio mama wa mvua zetu. Nao huchelewa nyuma ya jua kwa majuma kadhaa, kama mchukuzi mwenye mzigo nyuma ya msafiri aliye mikono mitupu. Ndiyo sababu jua huvuka ikweta mwezi wa Machi, bali kilele cha mvua katika sehemu nyingi za jirani na ikweta huwa Aprili. Watu wa pwani huujua wakati huu kwa bahari yao: kaskazi imechoka, kusi haijashika nguvu, na mabaharia huuita tangambili.

Mvua za bara zina mlango wa pili. Mara kwa mara upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, ukabeba unyevu wa misitu ya Kongo na kuufikisha katika milima ya Burundi, Rwanda na Uganda. Jambo hili lina uhusiano na wimbi kubwa la mawingu ambalo husafiri katika ukanda wa joto kutoka magharibi kwenda mashariki, na kurudia safari yake baada ya siku 30 hadi 60. Wataalamu wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walilieleza mwaka 1971, na hadi leo wimbi hilo huitwa kwa majina yao. Linapokuwa juu ya Bahari ya Hindi, pepo za magharibi kwetu hupata nguvu na mvua huongezeka. Likiisha kwenda mbali, upande wa Pasifiki, zaweza kupita siku nyingi za ukavu katikati ya masika yenyewe.

Mlango wa tatu ni vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Beira ni mbali nasi sana. Hata hivyo masika ya mwaka ule yalichelewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, nao wataalamu wameuhusisha ukavu ule na kimbunga hicho, kilichouvuta unyevu upande wa kusini. Wazee wetu ni hodari wa kusoma mawingu, ndege na maua ya miti, wala elimu yao si ya kudharauliwa. Lakini hapana mzee awezaye kukiona kimbunga cha Beira naye ameketi barazani kwake Gitega.

SIKU HIZI KWA KAWAIDA YAKE

Kabla ya kuuliza mvua itanyesha lini, ni lazima kuuliza: itanyesha wapi? Kanda yetu ni moja, bali kalenda zake ni nyingi.

Katika Burundi na Rwanda mvua hazianzi Machi. Zilianza tangu Septemba, zikapumzika kidogo kati ya Januari na Februari, kisha zikarudi. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi ardhi ya milimani imekwisha kunywa maji mengi, na Aprili huja kuongeza juu ya kilichokuwamo. Mvua hizo huaga mwezi wa Mei, na kiangazi kikuu huanza Juni. Miji ya Goma na Bukavu, ng'ambo ya mpaka, hufuata mwendo wa karibu na huo.

Kusini mwa Uganda na kandokando ya Ziwa Viktoria, mvua hushika nguvu Machi na kufikia kilele Aprili. Kaskazini mwa nchi hiyo, pande za Gulu na Kitgum, mvua ndiyo kwanza zaanza. Nazo hukaa muda mrefu, hadi Oktoba au Novemba, ingawa hupungua kidogo katikati ya mwaka. Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa, hupokea upepo uliokwisha kupita juu ya maji mapana. Ndiyo maana hupata kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali Bujumbura, iliyo bondeni chini ya milima, hupata kadiri ya milimita 800 tu.

Kigoma na Tabora ziko katika mvua za msimu mmoja, zilizoanza Novemba na sasa zaelekea ukingoni. Lubumbashi nako mvua zafunga virago, na kiangazi kirefu kiko mlangoni. Katika pwani ya mashariki mambo ni kinyume: Dar es Salaam na Unguja hungojea mvua kubwa za Aprili, na Mombasa kwa kawaida hulowa zaidi mwezi wa Mei.

Basi mtu wa Lubumbashi na mtu wa Kampala waweza kuisikia taarifa moja ya kanda, mmoja akiwa anaanika mavuno, mwingine akiwa anapiga matuta. Usichukue habari za jirani ukazifanya zako. Sikiliza jina la mkoa wako.

SAUTI YA KWANZA: MIEZI MITATU

Karibu na Nairobi kuna kituo cha utabiri kiitwacho ICPAC, kinachozihudumia nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, Burundi, Rwanda na Tanzania zikiwamo. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi hizo hukutana katika jukwaa la pamoja, nao siku hizi hukutana mara tatu kwa mwaka. Mkutano wa mwanzo wa mwaka ndio hutoa mwelekeo wa mvua za Machi, Aprili na Mei. Kisha idara ya kila nchi huupunguza mwelekeo huo kwa kadiri ya milima na maziwa yake: huko Burundi ni taasisi ya IGEBU, na huko Rwanda ni Meteo Rwanda.

Taarifa hiyo husemwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo huwatatiza wengi. Tuieleze kwa vikapu. Chukua masika ya miaka 30, tangu 1991 hadi 2020. Yapange kutoka lile lililokuwa na mvua chache hadi lile lililozidi yote. Tia kumi ya mwanzo katika kikapu cha "chini ya wastani", kumi ya katikati katika kikapu cha "wastani", na kumi ya mwisho katika kikapu cha "juu ya wastani". Kama hujui lolote kuhusu masika yajayo, kila kikapu kina haki sawa, yaani kadiri ya 33 kwa mia.

Tuseme sasa taarifa yasema: juu ya wastani 45, wastani 30, chini ya wastani 25. Wengi husikia neno moja tu, "juu ya wastani", wakadhani wameahidiwa mafuriko au neema. La, hasha. Maana yake ni kwamba katika masika mia ya namna hii, 45 yatakuwa na mvua nyingi, na 25 yatakuwa na mvua haba. Robo nzima ni ya ukavu! Mtabiri aliyesema hivyo, na ukavu ukaja, hakusema uongo. Aliyehesabu vibaya ni yule aliyeuza akiba yote ya chakula kwa kuamini kwamba mvua ni lazima.

Aidha, tufahamu kwamba masika ni magumu kutabirika kuliko vuli. Vuli huongozwa sana na joto la bahari, yaani El Niño katika Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Na bahari haibadiliki haraka, hivyo huonekana mapema. Masika hayana bwana mmoja wa namna hiyo. Ndiyo sababu hesabu za masika mara nyingi hazipandi sana juu ya 33. Huo si udhaifu wa kuficha, bali ni uungwana wa kusema ukweli.

Tena jumla ya msimu haisemi mvua zitagawanyika vipi. Milimita 300 zaweza kuanguka katika siku 40 za kunyesha, shamba likashukuru. Zaweza pia kuanguka katika siku 10, zikachukua udongo na daraja.

Basi sauti ya kwanza ina kazi gani? Kazi yake ni kuchagua, si kuanza. Kwa sauti hiyo familia huamua kiasi gani cha ardhi itie mahindi ya muda mrefu na kiasi gani ya muda mfupi. Itenge wapi mihogo na viazi vitamu vivumiliavyo ukavu. Iuze magunia mangapi na iweke mangapi. Na mtaro upi uzibuliwe mapema. Haikuambii siku ya kupanda. Ukiitumia kwa kazi hiyo, utajuta.

SAUTI YA PILI: SIKU KUMI

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, ila si kila mvua ni mvua ya kupandia. Kila mkulima aliyezeeka na jembe aijua mvua ya udanganyifu: hunyesha siku mbili tatu kwa kishindo, ardhi ikanukia, mtaa mzima ukakimbilia shamba, kisha jua hurudi kwa majuma mawili, na mche uliokwisha chomoza ukakauka. Hasara hiyo si ya siku moja. Mbegu za nyumbani huwekwa tangu mavuno yaliyopita, wakati mwingine watoto wakilala na njaa ili zisiguswe. Zikipotea, mama hana budi kununua nyingine sokoni, siku ileile ambayo kila mtu anazitafuta na bei imepanda.

Wataalamu wana kanuni ya kutambua mwanzo wa kweli wa mvua. Yapaswa zipatikane kadiri ya milimita 20 kwa siku tatu, tena zisifuatwe na ukavu mrefu katika majuma matatu yanayofuata. Tazama vizuri kanuni hiyo, kwa maana ina nusu mbili. Nusu ya kwanza wewe mwenyewe waweza kuipima uani kwako. Nusu ya pili iko mbele, wala jicho haliioni. Kwa ajili ya nusu hiyo ya pili ndipo redio inapohitajika.

Kupima si kazi ngumu. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, ambalo mdomo na kitako chake ni sawa. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, lililokazwa kwa mawe lisianguke. Kila asubuhi saa moja tumbukiza rula ya shule, soma milimita, andika katika daftari, kisha mwaga maji. Kazi hiyo yamfaa sana mtoto anayejifunza hesabu. Na ajue maana yake: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Milimita 20 zikiangukia paa la mita za mraba 30, ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita ishirini. Ndiyo safari ngapi hizo za mtoni?

Baada ya kopo, uliza udongo. Chimba kwa jembe hadi kina cha shubiri moja. Ukishika udongo wa chini ukafinyika tonge lisilomomonyoka, maji yameshuka. Ukiwa juu ni tope na chini ni vumbi, ngoja.

Kisha sikiliza taarifa ya siku kumi. Kama kopo lasema ndiyo, udongo wasema ndiyo, na taarifa yasema mvua zitaendelea, panda. Kama viwili vya kwanza vyasema ndiyo na taarifa yasema ukavu, shikilia mkono. Na kwa kuwa taarifa yoyote yaweza kukosea, usimwage mbegu zote siku moja. Zigawe mafungu mawili au matatu, ukipanda fungu baada ya fungu, kwa kuachana siku kama kumi. Fungu moja likipotea, nyumba haijafilisika. Lakini usingoje hadi Mei, hasa katika nchi ambazo mvua huaga mwezi huo. Maharage yanataka kadiri ya miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani, na atakayechelewa atayakuta maua yake yamepatwa na kiangazi.

SAUTI YA TATU: USIKU WA LEO

Hii ndiyo sauti fupi kuliko zote, na ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu yahusu uhai.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika huko Rubavu, miteremko ikaporomoka katika wilaya za Karongi, Rutsiro, Ngororero na Nyabihu, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, mvua ileile ya msimu iliteremka ng'ambo ya Ziwa Kivu, katika Kalehe. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa kwa maji na mawe, na waliokufa walipita 400. Bujumbura nako, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yaliyotoka milimani yalizikumba sehemu za kaskazini mwa mji, na watu zaidi ya 60 wakafa.

Tuyatazame mambo hayo si kwa kuogofya, bali kwa kujifunza. Kwanza, mengi ya maafa ya namna hii hutokea gizani, watu wamelala. Pili, huja ardhi ikiwa imekwisha kushiba. Mvua ambayo mwezi wa Oktoba ingalinywewa na udongo, mwezi wa Aprili au Mei haina pa kuingia. Tatu, maji huja kutoka juu. Aliye bondeni aweza kuzolewa na mvua ambayo yeye mwenyewe haikumlowesha. Kwa hiyo mtu wa bondeni asisikilize taarifa ya bonde lake peke yake. Asikilize na ya milima.

Idara za hali ya hewa hutumia rangi katika maonyo. Nchini Tanzania, kwa mfano, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Na mvua kubwa huhesabiwa kuwa ile ipitayo milimita 50 kwa saa 24. Lita 50 juu ya kila mita moja ya mraba ya mlima mzima! Hapo hapana haja ya maelezo zaidi.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mtu huuliza: "Nihame nyumba yangu usiku kwa onyo ambalo huenda lisitimie?" Swali hilo lajibiwa kwa mizani ya hasara. Kupanda mbegu zote kwataka uwe na hakika kubwa, kwa sababu ukikosea umepoteza msimu. Kwenda kulala kwa ndugu usiku mmoja hakutaki hakika kubwa, kwa sababu ukikosea umepoteza usingizi, mkeka na pengine kisirani kidogo cha shemeji. Bali ukibaki na onyo likatimia, umepoteza watoto. Basi onyo ambalo latimia mara moja katika tano, kwa aliye chini ya mteremko, ni onyo la kutii mara zote tano.

Mteremko wenyewe nao husema kabla ya kuanguka. Nyufa mpya zikionekana ardhini juu ya nyumba, mlango uliokuwa ukifunga vyema ukaanza kukwama, miti au nguzo zikainama, au chemchemi ikatokea mahali isipokuwapo, ondokeni bila kungoja redio. Mto ukibadilika ghafla kuwa tope, au maji yake yakipungua ghafla hali mvua yanyesha, fahamuni kwamba huenda umezibwa huko juu na utazibuka. Ondokeni kwa upande, mkapande penye mwinuko. Msikimbie kuufuata mkondo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tusemavyo. Ila ufa wa mlima hauzibwi, hukimbiwa.

Wavuvi nao wana usiku wao. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, upepo ukavuma kutoka ziwani, na mvua za alasiri zikanyesha milimani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na joto, na hewa hutiririka kutoka pande zote kwenda ziwani, ikakutana katikati na kupanda. Ndiyo sababu dhoruba kali za Ziwa Viktoria hupenda saa za usiku wa manane hadi alfajiri, wakati uleule ambapo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Uchunguzi umeonyesha pia kwamba jioni yenye ngurumo kali nchi kavu mara nyingi hufuatwa na usiku mbaya ziwani. Mke wa mvuvi aliyeona milima ikipigwa radi tangu saa kumi za jioni ana haki ya kusimama mlangoni na kusema, "Baba fulani, leo hapana." Na yule asiyekuwa na budi ya kwenda, asiende bila jaketi la kuelea.

Kuhusu radi, milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kupita zote duniani. Ukiona mwanga, hesabu nukta hadi usikie ngurumo. Kila nukta tatu ni kadiri ya kilomita moja. Zisipofika 30, ingia ndani ya nyumba. Usijikinge chini ya mti, wala usibaki shambani na jembe begani.

YA KUFANYWA NYUMBANI JUMA HILI

Zibua mtaro unaozunguka nyumba, na uhakikishe maji yake hayaendi ukutani kwa jirani. Kaza bati zilizolegea kwa misumari. Safisha mfereji wa paa. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, kwa maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo utege pipa na kulifunika.

Chemsha maji ya kunywa hata kama yaonekana safi, kwani mvua huosha vyoo na kuingiza uchafu visimani; kipindupindu hupenda njia hiyo.

Mwaga kila juma maji yaliyotuama katika makopo, vifuu na magurudumu mabovu. Katika joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa kadiri ya siku kumi; mwenye kumwaga kila juma humkata njiani. Toa vyandarua, shona matundu.

Anika kuni na uziweke juu. Mbegu zikaushwe na kutiwa katika chombo kinachofunga, kisichogusa sakafu. Vyeti vya watoto, kadi za kliniki na hati za kiwanja vifungwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa mahali pamoja, ambapo mkono utavipata gizani.

Waambieni watoto waendao shule wasivuke kijito kilichofurika. Maji yaendayo kwa kasi, hata yafike magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Mwisho, watu wa nyumba moja wakubaliane leo, mchana, kungali kweupe: onyo likija usiku, nani atambeba mdogo, nani atamshika mkono bibi, na wote watakutana kwa nani. Mashauri ya namna hiyo hayafai kuanza maji yakiwa uvunguni mwa kitanda.

Ndugu wasomaji, masika ni baraka, wala hatuna uchumi wala chakula bila hayo. Ya miezi mitatu yakuongoze kuchagua mbegu. Ya siku kumi yakuongoze kuzitia ardhini. Ya usiku wa leo yakuongoze mahali pa kulaza kichwa. Atakayezipa sauti hizo tatu kila moja kazi yake, hata mwaka ukiwa mbaya, hatakosa fungu la mbegu lililobaki kihengeni na watu wa kulipanda.

Juma lijalo tutazungumzia namna ya kuhifadhi maharage yasishambuliwe na wadudu. Hadi hapo, tunawatakia mvua njema.